Sehemu Zenye Nyota

Sehemu zenye nyota nyekundu, inasema fomu,
ni lazima zijazwe.
Nyota njema huonekana asubuhi;
hizi zangu zimechomoza saa nne usiku,
Umoja, chumba nambari kumi na saba,
kwenye simu ya mama yenye ufa kutoka pembe hadi pembe.
Bando ni la saa moja, na dakika ishirini zimekwisha kuliwa
na ukurasa wa kwanza: picha ya wanafunzi
wanacheka juu ya nyasi.
Nyasi hazikatwi hivyo bure.

Jina la ukoo. Mwakio.
Jina la kwanza. Mghoi.
Kaunti. Hapo nasita.
Taita nimekwenda mara mbili, mara zote mazishini.
Naandika Nairobi, nafuta, naandika Taita Taveta,
maana kitambulisho kinanijua kuliko ninavyojijua.

Jina la baba lina nyota.
Nikiliacha wazi, fomu inanirudisha juu
kama bawabu: rudi, bado.
"Mama, niandike nini?"
Mama ana sindano mdomoni,
anashona wigi la mteja wa kesho.
"Andika alivyoitwa."
Kisha, baada ya kukata uzi:
"Kwenye simu, weka yangu."

Kazi ya mzazi: chagua moja.
Mwalimu, daktari, mkulima, mwanasheria, nyingine.
Miaka kumi na tisa Kenyatta Market,
vidole vimejikunja kwa ndani hata akilala,
na mashine inamwita Nyingine.

Ada ya maombi, elfu mbili na mia tano, hairejeshwi.
Ni vichwa vitano vya mistari,
kimoja kikiwa cha mtoto anayelia.
Kabla ya hapo, elfu kumi na moja za chama
zilikwenda kukomboa cheti changu shuleni,
kilichofungiwa kabatini kwa deni la karo
kama mbuzi aliyekula mahindi ya jirani.
Zamu ile ya chama ilikuwa iwe godoro.
Bado tunalala tukizihesabu mbao kwa mbavu.

Kisha insha. Maneno mia tatu.
Tueleze kwa nini tukuchague wewe.
Naandika: Tangu utotoni nilikuwa na ndoto.
Nafuta.
Naandika kwamba mama akigawa kichwa kwa kitana
mimi niliona ramani, kila mstari barabara,
na ndiyo maana nataka kusanifu miji.
Nasoma tena. Ni maneno mazuri mno,
yananukia manukato ya kuazima.
Nafuta.

Dakika tisa.
Naandika: Hesabu nilipata A.
Kemia sitaki kuizungumzia.
Serikali ilinipangia kozi nisiyoiomba, mbali,
na mgongo wa mama umeanza kumshika.
Kwenu naweza kuja kwa miguu nikiamka mapema.
Maktaba yenu haifungwi hadi saa nne;
kwetu saa hizo sakafu imejaa nywele za watu.
Karo yenu siiwezi.
Nimesoma kwamba mna msaada kwa wachache.
Naomba mnihesabu.

Hayafiki mia tatu. Nabonyeza.

Duara linazunguka. Linazunguka.
Mama ameitoa sindano mdomoni.

"Maombi yako yamepokelewa," namsomea,
naye anasema Amina kabla sijafika kwenye nukta.
"Si hayo, mama."
"Yapo mangapi?"
Sina jibu. Naendelea: "Usijibu ujumbe huu."
"Kwa nini?"
"Ndivyo ilivyoandikwa."
"Mtu akupokee, usimwambie hata asante?"

Akaichukua simu, akaisogeza mbali na macho,
akaandika kwa kidole kimoja, herufi zote kubwa:
ASANTENI. NI MAMAKE MGHOI.
Ikarudi: ujumbe haukufika.
Bando lilikuwa na dakika mbili.
Akautuma tena.