Raundi ya Tatu, Tartu

Raundi ya kwanza niliikimbia kama akimbiaye deni.
Ya pili, mapafu yakadai riba.
Sasa mnyororo wa mashine ya makasia unakwaruza,
madirisha yamejaa ukungu, nje mto umeganda,
na Urmas, fundi bomba wa miaka sitini na mmoja,
anavuta vilevile alivyovuta mwanzo,
jasho likimdondoka kwa zamu: tone,
kisha tone.

"Bado tano," asema Helve, saa mkononi.
Haongezi neno.

Naachanisha meno.
Nasukuma kwa miguu, narudi polepole;
kumbe pumzi ilijificha hapo, kwenye kurudi,
nami siku zote naipita mbio.

Namba kwenye skrini zinashuka. Na zishuke.
Nalipa kidogo kidogo.

Urmas ananitupia jicho, hatabasamu,
anavuta.