Sura ya Arobaini

Nakala nne zimeibwa tangu Januari,
kitabu kilekile: watoto watatu, pikipiki moja,
almasi ndani ya mkate, polisi nyuma, mbio, mbio,
kila sura inaishia mtu akining'inia dirishani.

Ya tano nikaipeleka nyumbani,
nikakata sura ya mwisho kwa wembe
(mimi, mkutubi wa Paisley miaka kumi na tisa!)
nikairudisha rafuni.

Jumanne ikaondoka ndani ya koti
la msichana mwenye plasta kidevuni.
Nilimwona. Nilikuwa napanga kadi.
Nikaendelea kupanga.

Siku tatu tu.
Alirudi na mvua mabegani, viatu vinalia:
"Kile cha wezi… kinaishaje?"

"Kipi? Hakuna aliyekiazima."

Kimya. Basi la Glasgow likapita, likatumwagia taa zake.
Kisha akakitoa, kimelowa pembe moja,
taratibu, kama mtu anayejing'oa jino.

Nikavuta droo.
Za mwizi arobaini, husema kwetu;
hii yake niliibana kwa klipu,
kurasa kumi na moja.

"Jina kamili," nikasema, kalamu juu ya kadi.

Akautazama mlango.
Akanitazama.
"Morven," akasema. "Morven Laidlaw.
Wanakimbia, lakini? Wanafika?"