Faneli

Sheria ilipanda Uru siku ya Alhamisi
kwa pikipiki, ndani ya bahasha ya kaki,
imelowa pembeni kwa ukungu wa Julai.
Bwana Kileo wa wilaya aliisoma akiwa amesimama,
helmeti mkononi:
kuanzia tarehe moja, asiye na leseni hai
hatagusa mgonjwa, hatatoa dawa, hatapokea mtoto.
"Hai," akarudia,
kana kwamba leseni ina mapafu.

Mama yangu alikuwa anachemsha mikasi.
Hakuuliza kitu. Aliacha maji yatokote hadi mwisho,
akaitoa mmoja mmoja, akaipanga kwenye trei
kama anayepanga vijiko vya wageni,
akavua aproni.

Miaka thelathini na mmoja ya uhudumu,
darasa la saba, kozi ya miezi tisa kule Machame
ambayo cheti chake kililiwa na mchwa
pamoja na picha ya harusi.
Kwenye fomu hakuna sehemu ya kujaza mchwa.
Nilijaribu. Moshi mjini, kibanda cha stesheneri
nyuma ya stendi, kijana akaniambia,
"Dada, bila namba ya cheti hii haisogei,"
na haikusogea,
nami nikalipa elfu mbili kwa kutosogea kwake.

Mimi ndiye mwenye namba.
Tarakimu saba, na picha,
na pointi za mafunzo nilizookota
kwenye semina za hotelini, zenye soda na karanga.
Sheria iliponitazama iliniona.
Ilipomtazama mama iliona kiti kitupu,
naye amekikalia.

Majirani wanataka niilaani.
Mzee Lyatuu anasema imetungwa na watu
wasiojua uchungu wa saa nane usiku
barabara ikiwa tope tupu.
Ni kweli. Lakini

mwaka wa tisini na saba, mtoto wa Theofrida
(mama alinisimulia mara moja tu, tukichambua maharage)
alitoka kitovu kimemzunguka shingo, rangi ya wino,
na mama hakujua kumpulizia.
Hakuna aliyewahi kumfundisha.
Alimsugua mgongo kwa kanga, akamwita,
akamwita tena kwa jina alilolibuni palepale.
"Kumbe ni pumzi tano," alisema,
akatupa harage bovu.
"Wewe ndiye uliyeniambia. Pumzi tano."

Mwezi wa pili wa sheria nilimkuta jikoni
anamimina mafuta ya taa kwenye kibatari
kwa ile pembe yake ya mti
ya kusikilizia mapigo tumboni.
Mpana juu, mwembamba chini. Haimwagi hata tone.
Nilipiga kelele. Akanitazama kama mgonjwa.
"Haina leseni," alisema,
"imepata kazi nyingine."

Niliiosha kwa majivu, kwa ndimu, kwa sabuni ya mche.

Jana usiku umeme ulikatika.
Mashine ya wilaya ikalia mara moja, ikazima.
Nikainama juu ya tumbo la binti Makundi
na ile pembe, harufu ya taa ikinipanda puani,
na mbali kabisa,
kama mtu anayetwanga ng'ambo ya korongo,
moyo.

Vidole vilinitetemeka, hesabu ikanipotea.
Nilimtuma mlinzi amwite mama.
Alisimama mlangoni na saa yake ya kutia funguo,
hakuvuka kizingiti, mkono mmoja nyuma,
kama walivyoagiza.
"Unachosikia, kigonge mezani."
Nikagonga. Sikio pembeni, kidole mezani,
ti, ti, ti, ti, kwenye giza,
na mama mlangoni midomo ikienda.

"Mia na arobaini na mbili. Mzima huyo.
Andika," akasema. "Weka namba yako."