Saa Yenye Huruma

Kazi yangu ilikuwa kubonyeza.
Saa kumi na nusu alfajiri, Mbagala Zakhem,
nimekalia ndoo iliyopasuka,
simu mkononi, kioo chake nyufa tupu,
na Dada Siwema ananionya: "Ukisinzia nakufinya."

Anavua khanga, anabaki na bukta ya kuazima,
viatu vya mtumba,
cha kushoto kikubwa kuliko cha kulia,
kinachopwaya kakishindilia gazeti.
Mgongoni begi la shule, ndani tofali mbili
alizomwomba fundi Mng'ong'o.
Fundi akauliza, "Unajenga nini, binti?"
Akajibu, "Mgongo."

Nabonyeza.
Anaingia njia ya mwendokasi kabla mabasi hayajaamka:
zege, taa za rangi ya chungwa, mbwa wawili,
mlinzi wa kituo anayempigia saluti ya utani
ndani ya koti la mvua, kiangazi.
Kilomita tatu. Kwenda, kugeuka, kurudi.
Pumzi yake naisikia kabla sijamwona,
msumeno kwenye mninga.

"Ngapi?"
Kioo kinasema kumi na sita na sekunde arobaini.
Mimi nasema, "Kumi na sita na kumi."

Sijui nani alinituma.
Labda ile midomo yake iliyokauka.
Labda mama, usiku ule,
akikata uzi wa cherehani kwa meno:
"Mtoto njiti huyu,
atabeba bunduki ya nani?"

Jioni zamu ya vitabu.
Anataka uhandisi, kikosi cha majini;
anataka kujua kwa nini meli ya chuma haizami,
na afanye nini siku ikitaka kuzama.
Mwalimu Kiwale wa tuisheni kamwambia wazi:
"Miguu itakufikisha getini.
Geti linafunguliwa na hesabu."
Basi anakaa sakafuni, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi,
kibao cha kukatia mboga ndiyo dawati,
na kitu kimerushwa kwa pembe ya nyuzi thelathini,
tafuta kitaanguka wapi.
Kinaanguka pabaya. Anafuta. Anarusha tena.
Luku inalia, inalia, giza.
Anaendelea kwa tochi ya simu ileile ninayompimia,
nami nalala nikiona saini na kosaini
zikitambaa ukutani kama mijusi.

Siku moja nikafunua kitabu chake cha mazoezi.
Kurasa za mwisho, zile za majibu,
zimechanwa zote.
"Nani kachana?"
"Mimi. Mkono ulikuwa unakwenda huko wenyewe."

Nikakaa kimya.
Kwenye simu, wiki sita za huruma yangu:
sekunde thelathini, ishirini, arobaini,
deni nililomkopesha
bila yeye kutia saini.

Kesho yake nikasema kweli.
"Kumi na nne na hamsini. Na zile za nyuma, dada..."
Hakunifinya.
Alikuwa ananing'inia kwenye mwamba wa goli,
kutu ikimdondokea usoni,
kidevu kinakitafuta chuma mara ya saba.
"Najua," akasema kutoka juu.
"Nilikuwa nahesabu hatua. Unadhani
kwa nini nazunguka tena nyuma ya ukuta wa shule
wewe ukishakwenda kunywa chai?"
Nane.
"Saa yako ina huruma, Hamdu.
Ya kule hainijui jina."

Leo ameondoka na bahasha ya vyeti,
bila tofali. Anasema mgongo wake
unahisi kama umesahau kitu nyumbani.
Mama kampigia shati pasi mara mbili,
hajalitaja tena lile neno.

Nimebaki na ndoo.
Nikabonyeza, hakuna anayekimbia,
nikazitazama sekunde zinavyokwenda
zisipopunguzwa na mtu.

Mama kauliza tofali zikae wapi.
Ziache hapohapo mlangoni, nikamwambia.
Wakimrudisha, ataziulizia.