Kwi

Wiki nzima niliisaka sauti hiyo.
Kwi. Kila mguu wa kulia uliposhuka, kwi,
kama kifaranga aliyefungiwa ndani ya chuma.
Jumatatu nilifungua pedeli, nikazipaka grisi, nikazirudisha.
Jumanne niliilaza baiskeli jikoni juu ya magazeti,
nikauogesha mnyororo kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu,
pingili kwa pingili, hata Nohemí akauliza
ni lini mara ya mwisho nilimsugua mtu mgongo hivyo.
Jumatano, beringi. Alhamisi, nguzo ya kiti.
Ijumaa nilikaza kila bolti iliyokubali spana,
na moja iliyokataa.

Jumamosi alfajiri tulitoka Mariquita,
lami bado ina joto la jana.
Gildardo muuza nyama, Edelmira wa chanjo,
na mimi mwalimu wa hesabu, nisiyeiweza hesabu hii:
kilomita themanini za kupanda, gawanya kwa mapafu mawili.

Mlima wa Letras hauna haraka na mtu.
Huanza kwa upole, kama mdai siku ya kwanza:
anaulizia watoto, anasifu chai.
Kwi, kwi, migomba.
Kwi, kwi, kahawa imeanikwa juu ya paa.
Lori likatupita likitutemea moshi,
utingo akatupungia ganda la ndizi
kwa heshima zote, kama bendera.
Baada ya Fresno mdai akaacha kutabasamu.

Kabla ya Padua, Gildardo akapata pancha.
Tukaketi ukingoni, miguu mtaroni.
Akaupitisha mpira mbele ya midomo yake, polepole,
kama anayengoja kunong'onezwa,
mpaka upepo mwembamba ukamgusa. Hapa.
Msasa, gundi, kiraka, subira.
Mikono iliyozoea kutenganisha nyama na mfupa
ilikandamiza kiraka kile kama jicho la mtoto mwenye homa.

"Mwalimu," Edelmira akasema, "nimechoka na kifaranga wako.
Nipe hiyo, chukua yangu."
Tunalingana kimo. Tukabadilishana.
Akapanda baiskeli yangu, akaondoka: kimya.
Kimya kabisa! Kama maji kwenye sahani.
Nikapanda yake, ya buluu, bubu tangu inunuliwe.
Kwi.

Gildardo alicheka hadi akashuka.
Nami nikamkumbuka nyani, na kile asichokiona.
Kiatu, nikajitetea. Nikavua kiatu,
nikapiga pedeli kwa soksi, kwenye lami baridi, mbele ya ng'ombe wawili.
Kwi.
Goti, basi.
Miaka hamsini na minne, na hakuna spana ya namba yake.

Saa tatu zilizofuata sina mengi ya kusimulia.
Ukungu ulishuka, tukaukuta njiani.
Nilihesabu kona, nikapotea, nikaanza upya,
nikawasamehe wanafunzi wote waliowahi kupotea hesabuni.
Edelmira alikuwa nukta nyekundu, kisha hakuwa.
Kuna mahali nilisimama nikijifanya natazama bonde.
Bonde lenyewe halikuonekana.

Kileleni, kibanda, moshi wa kuni,
kikombe cha maji moto ya sukari guru
na kipande cha jibini kikiyeyukia chini.
Hakuna aliyetupigia makofi. Mwenye kibanda
alitudai kwanza, ndipo akatupa pole.
Tulikunywa tukitetemeka, vikombe vikigonga meno.

Kwa kuteremka tulisokota magazeti ndani ya mashati, kuzuia upepo.
Mimi nilibeba yale ya jikoni kwangu:
kifuani matangazo ya vifo ya Jumanne,
yenye madoa ya grisi.
Vidole juu ya breki, miguu imetulia,
kona zikinijia moja moja kama majina ya rejista.
Upepo tu. Hakuna kifaranga.

Chini kidogo ya Padua, bila sababu,
nikazungusha pedeli mara moja,
nisikie kama bado yupo.