Vioo vya Munga

Munga ni mfupi. Najua kwa vioo.
Kila alfajiri nikiipokea pikipiki hapa Magongo,
nyuma ya duka la Bi Mwanaiki mwenye mali,
nakaa juu yake, natazama, naona viwiko vyangu,
naona vifungo vya shati. Barabara siioni.

Yeye wa usiku, mimi wa mchana.
Hatukutani ila Ijumaa, tukipeleka hesabu,
na hata hapo ni salamu na kuagana.
Lakini namjua. Namsoma kwa vidole.

Nachuchumaa. Tairi la nyuma nalibonyeza kwa gumba:
limechoka. Jana kabeba mishikaki tena,
watatu mgongoni, pengine na gunia la mbatata.
Spoki nazigonga moja moja kwa spana namba kumi,
zaitika ting, ting, ting,
mpaka moja yasema tuk.
Hiyo naikaza. Mwongo mmoja atosha kupinda rimu.

Cheni nainyanyua kwa kidole. Icheze, isicheke:
vidole viwili, vitatu ni msiba.
Na leo, kwenye meno ya sproketi,
uzi mweusi umejizungusha, umelowa oili.
Nauvuta. Unakuja.
Nauvuta. Unakuja, hauishi,
na mwisho wake kipande cha nguo, shanga mbili bado zimeshika.

Upindo wa buibui.

Nasimama nao kiganjani
kama aliyeokota barua isiyo yake.
Natazama tandiko: kavu.
Vikanyagio: havikupinda.
Rangi ya tangi: mikwaruzo ileile ya zamani, naijua yote.
Duka limefungwa. Ufunguo u chini ya tofali, palepale.
Hakuna wa kuuliza.

Naendelea, maana kazi haikuniuliza kama naweza.
Kebo ya klachi, chumvi ya hewa yetu imeanza kuila,
naipa tone la oili, tena tone.
Breki ya mbele, Munga huiacha legelege,
apenda ishike mwisho wa vidole, kwa madaha.
Leo naigusa tu, inauma.
Nati imekazwa hadi imechubuka, alama mpya, zinang'aa.
Breki ya nyuma vilevile.
Ni usiku wa manane, tochi ya simu kaishika kwa meno,
na mikono, naapa, ilikuwa inatetemeka:
spana imeteleza mara tatu, chuma kinasema.

Naweka taa. Ya nyuma naielekeza ukutani,
ukuta waona haya, wawa mwekundu.
Indiketa ya kushoto yapepesa, ya kulia yasita, yapepesa.
Honi nasubiri kidogo, muadhini hajamaliza.
Kisha moja, fupi. Paka wa Bi Mwanaiki aruka.

Vioo navibakisha mwisho.
Navinyanyua mpaka Magongo yote iingie:
lori za Kipevu zimejipanga na makontena,
mafuta yao lamini yang'aa kama macho ya samaki aliyelala,
na mimi, kipande cha bega, pembeni.

Abiria wa kwanza ni mama wa mahamri, aenda Mikindani.
"Kunja buibui, mama. Likalie."
"Leo umeamka na amri?"
"Likalie, mama. Siondoki."
Akanicheka. Akalikalia. Hapo ndipo nikaiwasha.

Jioni nikairudisha mapema, jua bado.
Uzi niliufunga kwenye ufunguo, mafundo mawili, shanga nje.
Atauona. Ijumaa tutahesabu pesa,
atasema biashara mbovu, nitasema mbovu kweli.

Nikataka kuondoka. Nikarudi.
Nikakaa juu yake, magoti nikayakunja,
mgongo nikaushusha, shingo nikaimeza,
nikatafuta macho ya Munga yanapokaa.
Nikainamisha kioo cha kulia, kidogo. Cha kushoto, kidogo zaidi.
Watoto wa jirani wakanitazama, wakacheka,
mtu mzima kajikunja juu ya pikipiki iliyozimwa.
Nikakaa vile, mpaka kule nyuma,
padogo, pa mbali,
barabara ikaingia.