Maji ya Kuvaliwa

Miaka thelathini na minne nimeuza genge hili
kwa nusu pauni, stempu mbali.
Lilikaa kwenye kizimba cha waya kando ya mizani,
jua limelipiga ubavuni, bahari imetandikwa kama shuka,
na nyuma yake wageni waliandika:
Pazuri. Mvua. Tunarudi Jumapili.
Nikapiga muhuri.
Sikuwahi kushuka.

Juzi Gethin, mjukuu wa Morfudd wa kinuni,
alinifunga kofia ngumu chini ya kidevu
kama afungaye gunia asilolijua uzito.
Suti ya mpira ilinila dakika ishirini:
mguu wa kushoto ulikubali,
wa kulia ukaomba muda wa kufikiri.

Husemwa maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.
Waliosema hawakuyajua haya ya Wales, ya mwezi wa Mei.
Haya hayavuliwi nguo. Haya huvaliwa:
mpira juu ya mpira, soksi za mpira,
na kaptura kuukuu ya marehemu Idwal juu ya yote,
ili mwamba ukitaka kuuma
uanze na kaptura.

Tuliteremka kwa njia ya kondoo,
mimi, wauguzi wawili wa Kadifi waliocheka hata upepo,
na Macsen, miaka kumi na mmoja, asiyecheka.
Vichaka vya miiba vilikuwa vimechanua manjano
na maua yake yananuka nazi,
nazi, huku,
ambako nazi huja ndani ya kopo.

"Mwamba unaong'aa ni mwongo," alisema Gethin.
"Shika unaokukwaruza."
Nikashika. Ukanikwaruza.
Kome wameshikana weusi kama shanga,
mwani unateleza, wimbi linaingia ufani
na kutoka likikohoa.
Ndani ya pango sili alitoa kichwa,
sharubu zinadondosha maji,
akanitazama kama mteja
aliyekuta dirisha limefungwa saa sita kasoro moja.
Nilimwomba radhi. Kwa sauti. Wauguzi wakacheka.

Pa kurukia ni patatu, na pote pana majina:
Meza, Kabati, na juu kabisa, Mama Mkwe.
Meza niliiruka macho nimefumba.
Kabati niliiruka pua nimebana.
Mama Mkwe nilimwachia vijana,
nikawa naelea chali, nahesabu shakwe,
mpaka nikaona Macsen amesimama kule juu
na magoti yake hayamtii.

Chini walimpigia makofi. Makofi hayasaidii.
Nikapanda.
Pumzi ilibaki nyuma yangu hatua nne.
"Unaogopa?" akaniuliza.
"Miaka thelathini na minne," nikamjibu.
Akafikiri kidogo, akajifuta kamasi kwa mkono wa mpira,
akaruka,
akaniacha peke yangu na mzaha wangu.

Hapo ndipo nikaliona, genge langu, kwa ubavu wa pili:
limechubuka, lina michirizi ya kutu,
ufa mrefu wenye kiota kilichosukwa
kwa kamba ya kijani ya wavuvi wa kaa,
na kinyesi cha ndege, cheupe, kingi, cha vizazi.
Hakuna kadi iliyochukuliwa kutoka hapa.
Nani angeinunua?
Mimi ningeinunua. Ningenunua kizimba kizima.

Sikuruka kishujaa. Niliruka kama barua:
kidole kikasukuma,
mdomo wa sanduku ukameza.
Kati ya mwamba na maji
hakuna dirisha, hakuna kaunta,
kuna tumbo tu, linalobaki juu
likikuuliza unakwenda wapi.

Kisha baridi. Kisha chumvi puani, kijani, kelele,
na Macsen akinishika mkanda wa koo
kana kwamba yeye ndiye aliyenifundisha.

Ufukweni Gethin hakusema hongera.
Alimimina chai kutoka kwenye chupa, akakata keki ya zabibu
kwa kisu cha kukatia kamba,
akanipa kipande cha pembeni, kile kigumu,
wanachopewa watu wa hapa.
Mvua ikaanza.
Hakuna aliyekimbia.